Namba Tatu, pesa ya MRI na kilomita 27.5 za Kigamboni

Sh380,000 zilikaa kwenye kitochi miezi mitano bila kuguswa. Zilikuwa na kazi moja tu: kulipia kipimo cha MRI cha goti la kulia na gharama ndogondogo za hospitali. Siku boom lilipoingia, mwenye pesa akapanda mwendokasi, akashuka Msimbazi, akakata hadi Mtaa wa Aggrey pale Kariakoo na kutoka na simu janja mpya kabisa, bado ina karatasi kwenye kioo. Goti akarudi nalo bwenini vilevile.

Ameomba jina lake lisiandikwe. Mama yake yuko Morogoro na anaamini kipimo kilishafanyika zamani, na shemeji yake ni msomaji wa kurasa hizi, tena anaanzia nyuma kuja mbele. Kwa hiyo hapa tutamwita Namba Tatu, ile jezi aliyoivaa akiwa beki wa kushoto wa timu ya kitivo chake. Ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha hapa Dar es Salaam.

Stori yake haina kombe wala usajili. Lakini kama umewahi kucheza mpira wa mtaani, ukaumia, ukaambiwa "pumzika tu litapoa", basi unamjua huyu jamaa. Pengine ni wewe.

ALIPOGEUKA PEKE YAKE

Ilikuwa nusu fainali ya vitivo. Hakuna aliyemgusa. Winga wa upande wa pili aliingia ndani, Namba Tatu akakanyaga mguu wa kulia ili ageuke naye, mwili ukaenda, mguu ukabaki. Anasema alisikia sauti ndani ya goti, kama mtu amevunja njiti kavu. Jioni goti lilikuwa limejaa kama embe bolibo.

Mashabiki wa mpira siku hizi mnaijua vizuri herufi hizi tatu, ACL. Ni ile kano ya mbele ndani ya goti inayozuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele na goti lisijizungushe hovyo. Virgil van Dijk iliondoka naye Oktoba 2020 katika mechi ya Liverpool na Everton. Rodri wa Manchester City iliondoka naye Septemba 2024 dhidi ya Arsenal, akakosa karibu msimu mzima. Wao wana madaktari wanaowasubiri pembeni ya uwanja. Namba Tatu alisubiriwa na mchua misuli wa mtaani mwenye chupa ya mafuta.

Wiki mbili akawa anatembea. Mwezi mmoja baadaye akajaribu kucheza, goti "likaenda" tena, safari hii akiwa hana hata mpira. Ndipo akafika hospitali. Daktari alilishika paja kwa mkono mmoja, akauvuta ugoko mbele kwa mkono mwingine, akauliza maswali mawili matatu na kusema anashuku kano imekatika. Lakini kushuku si kujua. Akaandika MRI.

Wakati huohuo akamwelekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya tiba. Huyu ndiye aliyembadilishia maisha, wala hakujua kama anafanya hivyo. Alimwambia misuli ya paja, ya mbele na ya nyuma, ndiyo walinzi wa goti ambalo kano yake ina mashaka. Aijenge. Aendeshe baiskeli, kwa sababu goti linakunja na kunyooka kwenye mstari mmoja bila kuzunguka. Baadaye, uvimbe ukiisha na nguvu zikirudi, atakimbia polepole, kwenda mbele tu. Mpira usiguswe. Kinachouma goti la namna hiyo ni kona, breki za ghafla na kugeuka, na mpira ni hivyo vitatu kwa dakika 90.

MKEKA ULIOCHANIKA

Turudi kwenye simu. Nilimuuliza kwa nini alitumia pesa ya matibabu kununulia simu, na alinijibu kama mtu ambaye ameshaulizwa sana.

"Kaka, chuo kizima kipo kwenye WhatsApp. Mhadhiri anabadilisha muda wa jaribio saa nne usiku, anatuma kwenye grupu. Mimi na kitochi changu naamka asubuhi naenda darasani, nakuta milango imefungwa. Nilikosa majaribio mawili. Ningetibu goti halafu nikadisko?"

Kwenye hilo ana hoja. Mwanafunzi wa leo asiye na simu janja yuko kwenye darasa moja na wenzake ila taarifa zinamfikia jana yake. Hata hivyo sikubaliani naye. Simu ya mtumba ya nusu bei ingepokea ujumbe uleule, na nusu ya pesa ingebaki kwenye goti. Alipoona nakunja uso alicheka, akaniambia subiri nikumalizie.

Wiki mbili za kwanza simu ile haikuwa ya masomo wala ya mazoezi. Ilikuwa ya mikeka. Kitochi nacho hubetia, hilo anakiri, lakini kwenye kioo kikubwa kila kitu kinang'aa, odi zinapanda na kushuka mbele ya macho, na mechi za nchi usizozijua zinachezwa saa nane za usiku. Alianza na mia tano. Jumamosi moja akaweka timu 12, 11 zikashinda, ya mwisho ikasawazishiwa dakika za nyongeza. Ukibeti unajua kinachofuata baada ya mkeka kuchanika hivyo: mtu haoni kwamba amekosa, anaona amekaribia. Kufikia mwisho wa wiki ya pili Sh64,000 za chakula zilikuwa zimekwenda.

Alizihesabu kwa kusoma meseji za miamala moja baada ya nyingine, usiku, amelala chali. Akaifuta ile programu. Akairudisha siku tatu baadaye. Akaifuta tena. Hajaniambia ameacha kabisa, na mimi sitaandika kwamba ameacha. Anachosema ni kwamba nafasi ile ilibaki wazi kwenye simu na kichwani, akatafuta kitu kingine cha kuhesabu.

SATELAITI NA MIARUBAINI

Akapakua programu ya kupima mbio. Zipo nyingi, nyingine za bure. Unabonyeza, unaweka simu mfukoni, ukimaliza inakuonyesha umekwenda kilomita ngapi, kwa kasi gani, na mstari wa njia uliyopita juu ya ramani.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kazi ile haili bando. Simu inasikiliza tu satelaiti za GPS zinazozunguka dunia kwenye urefu wa kilomita zipatazo 20,200, na ikizipata angalau nne inaweza kukokotoa mahali ulipo. Data inasaidia ramani ifunguke na mahali papatikane haraka, lakini hata ukiwa huna salio hata senti, njia yako itaandikwa.

Ni teknolojia ileile iliyo kwenye zile fulana fupi nyeusi wanazovaa wachezaji chini ya jezi, ambazo mashabiki wa Bongo wameshazipa jina la sidiria. Katikati ya mabega kuna kifaa kidogo. Bodi inayotunga sheria za soka, IFAB, iliruhusu vifaa hivyo kuvaliwa ndani ya mechi mwaka 2015, na ndivyo unavyosikia kiungo fulani amekimbia kilomita 11 au 12. Tofauti ni kwamba kifaa kile kwa kawaida hupima mahali mara 10 kwa sekunde. Simu ya kawaida hupima kama mara moja kwa sekunde, tena ikiwa na nafasi.

Namba Tatu hakujua tofauti hiyo. Alijua tu kwamba simu yake ilimwambia anakimbia kilomita tano kwa dakika 23. Kwa mtu aliyekuwa anachechemea miezi sita nyuma, hiyo ni habari ya kumpigia mama, kama mama angekuwa anajua ukweli wa lile goti.

Alikuwa anakimbia jioni, akizunguka mabweni ya ghorofa na njia yenye miarubaini iliyofungamana juu. Ukiitazama njia yake kwenye ramani utacheka: mstari unaingia ndani ya majengo, unapita juu ya paa, unavuka ukuta na kurudi. Mawimbi ya satelaiti yanagonga kuta za ghorofa kabla ya kuifikia simu, simu inadhani mtu karuka mita 15 pembeni, halafu karudi. Kila zigizaga ile inahesabiwa kama mbio. Juu ya hapo, programu ilikuwa imewekwa isimamishe saa yenyewe kila anaposimama. Akifika getini akashika kiuno apumue, saa nayo inapumua. Kilomita zinaongezwa, dakika zinapunguzwa. Hata mimi ningekimbia dakika 23.

KUKIMBIA, KUENDESHA, KUKIMBIA

Habari za duathlon alizipata hukohuko kwenye simu, kwenye grupu la waendesha baiskeli aliloingizwa na jamaa aliyemwazima baiskeli. Tangazo lilikuwa fupi: Jumapili, Kigamboni, kilomita 5 za kukimbia, 20 za baiskeli, 2.5 za kukimbia.

Kwa ambaye hajawahi kuisikia, duathlon ni ndugu wa triathlon, ila haina kuogelea. Unakimbia, unapanda baiskeli, unashuka na kukimbia tena, saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Umbali wa kawaida ni kilomita 10, 40 na 5. Ule wa Kigamboni ni nusu yake, unaitwa sprint. Mashindano ya dunia yalianza mwaka 1990 huko Palm Springs, Marekani. Yale ya Zofingen, Uswisi, yaliyoanza mwaka 1989, ndiyo yanayotisha: kilomita 10 za miguu, 150 za baiskeli kwenye milima, halafu 30 za miguu. Triathlon iko Olimpiki tangu Sydney mwaka 2000, duathlon bado haijaingia.

Mtu atauliza, kwetu huku nani anajali? Jibu ni kwamba miguu ya Afrika Mashariki imeshajibu swali hilo, kila mmoja upande wake. Alphonce Simbu alichukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, Septemba 2025, kwa saa 2:09:48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Mwezi huohuo mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika ardhi ya Afrika. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi na kujifunza mbio za baiskeli Kenya. Biniam Girmay wa Eritrea alirudi na jezi ya kijani kutoka Tour ya mwaka 2024. Kukimbia tunajua, na baiskeli majirani wameanza kutuonyesha njia. Kurasa hizi za michezo tunazijaza Simba na Yanga, na wewe msomaji usijifanye unashangaa, maana ndizo unazoanza kuzisoma.

Kwa Namba Tatu mvuto ulikuwa mwingine. Alilisoma lile tangazo mara tatu akitafuta neno la kumkataza. Kukimbia mbele, sawa. Baiskeli, sawa. Hakuna kukabana, hakuna kuruka kichwa. Mtaalamu wake alimuuliza jambo moja tu: njia ina kona za aina gani? Akajibu ni barabara iliyonyooka. Alisahau kwamba barabara iliyonyooka lazima igeuziwe mahali.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mwalimu mmoja wa riadha alimpeleka kwenye uwanja wenye njia ya mita 400. Mizunguko 12 na nusu ni kilomita tano, hakuna ghorofa wala mti wa kuongeza hata mita moja. Alikimbia na simu mfukoni, saa ya mkononi ya mwalimu ikihesabu bila kusimama. Saa ilisema dakika 27 na sekunde 40. Simu, kwa mbio zilezile, ilisema amekimbia kilomita 5.3.

Alikaa kwenye nyasi muda mrefu. Dakika 23 zile alikuwa amezituma kwenye magrupu matatu. Mwalimu hakumbembeleza; alimwambia azime ile kazi ya kusimamisha saa, na asubuhi akimbilie sehemu ya wazi, isiyo na majengo.

KOFIA YA BODABODA

Jumapili alivuka na pantoni ya alfajiri kutoka Magogoni, baiskeli ya gia ya mtumba begani, begi mgongoni na helmeti ya bodaboda mkononi. Ile helmeti ndiyo iliyowapa waamuzi kicheko cha kwanza cha siku. Duathlon inataka helmeti ya baiskeli, nyepesi, na unaifunga kamba kabla hata hujaigusa baiskeli yako, unaifungua baada ya kuirudisha mahali pake. Ukikosea utaratibu huo unaadhibiwa. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kumtazama mwanawe alimwazima ya binti yake, ya rangi ya waridi.

Cha pili kilimuuma zaidi. Spika za masikioni haziruhusiwi. Mazoezi yote alikuwa amefanya na singeli masikioni na sauti ya programu ikimwambia kila kilomita amefika wapi. Sasa simu ikaingia kwenye mkoba wa kiunoni, bubu, na yeye akabaki na pumzi zake.

Walianza saa 12:30 asubuhi, watu wapatao 40, wanawake wakiwa wachache lakini wawili kati yao wakiwa mbele kabisa. Upande wa Mjimwema hewa ya bahari ilikuwa bado ya baridi. Namba Tatu alikaa nyuma ya katikati. Kilomita mbili na nusu akaiona koni ya njano katikati ya barabara, na mwamuzi amesimama pembeni.

Ndiyo kona yenyewe. Unafika kwa kasi, unapinda nyuzi 180, unarudi ulikotoka. Mtu mwenye goti zima anakanyaga mguu mmoja na kujigeuza. Ni kile kitendo alichokifanya kwa yule winga.

Namba Tatu alipunguza, akasimama kukimbia, akaizunguka koni akitembea, hatua saba fupi, kama mzee anayezunguka kisima. Watu wanne walimpita hapo. Mwanafunzi mwenzake aliyekuwa ukutani akapiga kelele, "Beki kakatwa!" na watu wakacheka. Hakugeuka. Kilomita tano akamaliza kwa dakika 27 na sekunde 10.

Baiskeli ndiyo ilimpa raha. Miezi ya kukanyaga ilikuwa imemjengea mapaja, na ile gia kubwa ya mtumba wa Japani iliimba. Alirudisha wale wanne na wengine watatu. Saa moja na nusu asubuhi bodaboda walikuwa wameshaamka, daladala nazo, na waandaaji walikuwa na watu wenye bendera kwenye kila makutano. Bila wao nisingemshauri mtu yeyote. Kilomita 20 zikaisha kwa dakika 48 na sekunde 20.

Halafu akashuka. Kila aliyewahi kufanya mchezo huu atakuambia habari ya dakika zile za kwanza baada ya baiskeli. Miguu imezoea kuzunguka, unaidai ikimbie, haielewi. Unaona watu wanakwenda na wewe umesimama, kumbe unakimbia. Namba Tatu anasema alitazama chini kuhakikisha kama viatu ni vyake.

Na mbele kulikuwa na koni nyingine, kilomita moja na robo. Safari hii alikuwa amefuatana na jamaa mmoja bega kwa bega tangu sehemu ya kubadilishia. Walifika pamoja. Jamaa akajigeuza na kuondoka. Namba Tatu, miguu imelegea, goti limechoka, misuli inayolilinda haina tena nguvu ya kubishana, akatembea hatua zake saba. Mita 30 zikafunguka kati yao na hazikuzibika tena.

Jumla ikawa saa 1, dakika 33 na sekunde 25. Nafasi ya 22. Alipotoa simu mkobani, ilikuwa ya moto, chaji imebaki kidogo, na ilisema amekwenda kilomita 28.1 badala ya 27.5. Kwenye ramani kuna vidoti viwili vilivyojikusanya pale kwenye zile koni, kama wino uliodondoka. Alivikata kwa picha akamtumia mtaalamu wake wa mazoezi bila maneno. Mtaalamu akajibu kwa dole gumba.

GRUPU LA FAMILIA

Picha nyingine ilisafiri bila ruhusa yake. Binamu yake aliyekuwa pale alimpiga akivuka mstari wa mwisho, helmeti ya waridi ameisahau kichwani, kamba inaning'inia, na kuitupia kwenye grupu la familia. Kabla hajavuka pantoni kurudi mjini simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, nimeona unakimbia. Kumbe goti limepona kabisa? Mungu mkubwa. Na ile MRI ilisemaje, mbona hukuniambia?"

Anasema alimjibu kwamba pantoni ina kelele, atampigia akifika. Hadi tunazungumza ilikuwa imepita siku tisa na alikuwa hajapiga kuhusu hilo.

Pesa ameanza kuzikusanya upya. Ameziweka kwenye kibubu cha bati kilichochomelewa, chini ya kitanda, mbali na simu. Siku niliyomtembelea alikuwa ameshatia Sh95,000, nyingine zikitokana na kuwapigia picha na kuwachapia kazi wanafunzi wenzake kwa simu ileile. Boom lijalo likiingia anataka alipie kipimo siku hiyohiyo, kabla ya saa sita mchana. Mtaalamu wake amemwambia wazi kwamba kumaliza duathlon hakujibu swali la kano. Kuna watu wanakimbia na kuendesha baiskeli miaka mingi bila kano hiyo na goti huwaachia siku wakigeuka tu. Kipimo kitasema, na kikisema vibaya kuna mazungumzo ya upasuaji, na upasuaji ni hesabu nyingine kabisa.

Timu ya kitivo imeingia fainali mwaka huu. Beki wa kushoto wanaye mmoja tu, tena ana kadi. Nahodha amemtumia Namba Tatu ujumbe mara tatu, wa mwisho ukimwomba avae tu jezi akae benchi, "hutaingia, ni kuwatisha". Tiki za bluu zinaonyesha ameusoma. Jumamosi anasema ataenda kutazama, kwa baiskeli. Daruga zake amempa mdogo wake wa chumba cha pili, anayecheza namba saba.